Fahamu Dorothy Eustis, tajiri aliyeanza na ng'ombe akaishia kuwapa wasioona mbwa wa kuwaongoza

Simama Liwatoni saa kumi na moja jioni, wakati watu wanatoka kazini Mbaraki na Ganjoni wakielekea kivuko cha Likoni. Tuktuk zinapita zikikugusa suruali, mkokoteni umejaa madumu ya maji, na bodaboda anakupigia honi ilhali wewe ndiwe uliye kwenye njia ya watembeao kwa miguu. Sasa funga macho utembee hatua ishirini tu. Ukifika kumi bila kuchungulia, wewe ni shujaa.

Ng'ambo ya maji, kule Likoni, kuna shule ya wasioona. Vijana wa rika lako wanaosoma pale wakivuka kuja kisiwani hupita njia hizi hizi, wengine kwa fimbo nyeupe, wengine wameshika bega la mwenzao. Fimbo ni chombo kizuri, tusiidharau. Lakini haikuambii kwamba kuna tawi limeinama usawa wa paji la uso, wala haikuvuti nyuma bodaboda anapokatiza ghafla. Ziko nchi ambako kazi hiyo hufanywa na mbwa. Na ukiuliza mbwa hao walitoka wapi, wengi watakutajia mkufunzi au shule fulani. Mimi nataka nikutajie mfugaji, kwa sababu kabla mbwa hajafunzwa, lazima kwanza azaliwe mbwa anayefunzika.

Mfugaji huyo ni Dorothy Leib Harrison, aliyezaliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 30 Mei 1886. Baba yake, Charles Custis Harrison, alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari na baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kwa hivyo usitarajie hadithi ya mtoto aliyelala njaa. Pesa zilikuwepo tangu mwanzo, na ni vyema niseme hivyo mapema, maana ufugaji nitakaokueleza hauwezi kufanywa na mtu anayetaka faida mwisho wa mwezi.

Mwaka 1906 aliolewa na Walter Abbott Wood, mwanasiasa wa jimbo la New York, wakaishi Hoosick Falls. Huko ndiko alikoanza kujifunza, na mwalimu wake alikuwa ng'ombe. Mume na mke walikuwa na shamba la majaribio ya kuzalisha ng'ombe wa maziwa kwa kuchagua wazazi.

Hebu fikiria kidogo kazi hiyo. Fahali hatoi maziwa. Utajuaje kama ni fahali mzuri? Humtazami pembe wala nundu. Unasubiri azae, mabinti zake wakue, wakamuliwe, uandike kila binti ametoa kiasi gani, halafu ndipo umhukumu baba. Miaka inapita. Ukikosa kuandika, umekosa kila kitu. Somo hilo la subira na daftari ndilo Dorothy alilolibeba maisha yake yote.

Nyumbani walikuwa na mbwa aitwaye Hans, mbwa mchungaji wa Kijerumani, aina ile ambayo sisi huku tunawaita mbwa wa polisi. Hans alikuwa na akili na uaminifu wa kupita kiasi. Wood alifariki mwaka 1915, akamwacha Dorothy mjane na wana wawili wa kiume. Hans naye akafa baadaye, na swali likamkaa Dorothy kichwani: je, mbwa kama yule alitokea kwa bahati tu, au anaweza kuzalishwa makusudi, kama vile walivyozalisha ng'ombe wa maziwa mengi?

Swali hilo halikuwa la mchezo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mbwa wa aina hiyo walikuwa fasheni Ulaya na Marekani. Kila mtu alimtaka, na kila mwenye jike alizalisha. Matokeo yake unayajua hata bila kusoma kitabu, kwa sababu yanatokea hapa hapa kwetu. Ingia mitandaoni uone watoto wa mbwa wa wiki tano wakitangazwa kuuzwa, mnunuzi anaonyeshwa picha ya baba mwenye kifua kipana, basi. Hakuna anayeuliza kama baba huyo anaogopa radi, au kama mama ameshazaa mara ngapi mfululizo. Kisha mbwa anakuwa mwoga au mkali, au miguu ya nyuma inalegea akiwa bado mchanga, na tunasema ni mbwa mbaya. Mbwa amekosa nini hapo?

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Dorothy alihamia Uswisi. Mwaka 1923 aliolewa tena, na George Eustis, ndoa iliyokwisha kwa talaka miaka mitano baadaye lakini ikamwachia jina tunalomjua nalo. Juu ya mlima wa Mont Pèlerin, ukiwa unautazama mji wa Vevey na ziwa la Geneva chini yako, alianzisha kituo alichokiita Fortunate Fields, yaani mashamba ya heri. Akamwajiri Mmarekani mwenzake, Elliott Humphrey, ambaye watu walimwita Jack, fundi wa farasi aliyejisomesha mwenyewe elimu ya urithi wa viumbe.

Walichofanya hao wawili kinaonekana rahisi ukikisikia. Walichagua mbwa kwa kazi. Kila mbwa alipimwa: anasikiaje sauti ya ghafla, anahisije akiguswa, ana hamu ya kufanya kazi au anafanya kwa kulazimishwa, akitishwa anarudi katika hali yake haraka au anabaki akitetemeka. Yote yakaandikwa. Kisha wakaangalia watoto wake, na ndugu zake, na wajukuu. Waligundua kwamba tabia kama wepesi wa kushtuka kwa sauti zinarithiwa, haziletwi na malezi peke yake. Humphrey na mwanasayansi Lucien Warner walichapisha matokeo hayo katika kitabu mwaka 1934, na hadi leo wafugaji wa mbwa wa kazi bado wanakitaja.

Mbwa wa Mont Pèlerin walikwenda kufanya kazi na jeshi la Uswisi, polisi na maafisa wa forodha. Bado hakukuwa na habari ya wasioona. Ilikuja kwa mlango wa pembeni.

Wajerumani walikuwa wamerudi kutoka vitani na vijana wengi waliopofuka, na mwaka 1916 wakaanza kuwafundisha mbwa wa kuwaongoza. Dorothy alitembelea shule yao moja mjini Potsdam. Pale alimwona mtu anayepapasa njia akishikana na mbwa, kisha akaondoka barabarani kwa mwendo wa kawaida, kichwa juu. Alipoandika makala katika jarida la Marekani la Saturday Evening Post, toleo la tarehe 5 Novemba 1927, hakuandika kuhusu mbwa wake mwenyewe bali kuhusu wale wa Potsdam. Hakuwa akitangaza biashara. Hakuwa hata na mbwa mmoja wa kumpa asiyeona.

Sasa shikilia hapo, twende Nashville, jimbo la Tennessee. Kulikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa, Morris Frank. Jicho moja lilipotea akiwa na miaka sita alipogonga tawi akiwa juu ya farasi, la pili akiwa na miaka kumi na sita katika mchezo wa ngumi. Alikuwa akiuza bima, na alikuwa amemwajiri mtu wa kumtembeza, mtu ambaye alimtembeza pale alipojisikia. Baba yake alimsomea makala ya Dorothy. Kijana akaandika barua: kama hayo ni kweli, nisaidie nipate mbwa, na nikirudi nitawafundisha wengine hapa kwetu ili wasiwe wakimtegemea mtu.

Dorothy angeweza kumtumia zawadi ya pesa akamaliza. Badala yake alimpigia simu kutoka ng'ambo ya bahari akamuuliza kama yuko tayari kuja Uswisi. Morris hakusita hata sekunde moja.

Safari ya kwenda ilikuwa ya aibu. Alisafirishwa mwaka 1928 kama kifurushi, chini ya ulinzi wa wakala wa usafiri. Wahudumu wa meli walimtoa chumbani kwa saa zao, wakamrudisha, wakamfungia mlango. Hebu jiweke mahali pake: una miaka yako kumi na tisa au ishirini, mfukoni una tikiti uliyoilipia, na unafungiwa kama kreti la samaki.

Mont Pèlerin alikabidhiwa mbwa jike aliyeitwa Kiss, yaani busu. Kijana akaona haya kusimama njiani akiita busu, busu, watu wakimtazama, basi akambadilisha jina akamwita Buddy, rafiki. Humphrey aliwafundisha pamoja kwa wiki kadhaa, tena bila huruma ya bure. Morris alijikwaa, akagonga vitu, akakasirika. Mbwa alivaa mkanda wa kifuani wenye mpini mgumu, na kupitia mpini huo mtu anahisi kila mgeuko wa mwili wa mnyama.

Hapa niondoe dhana moja ambayo hata watu wazima wanayo. Mbwa kiongozi hajui unakokwenda. Si ramani ya simu. Wewe ndiye unayejua kwamba baada ya barabara mbili unapinda kulia, na wewe ndiye unayesikiliza magari na kutoa amri ya kuvuka. Kazi ya mbwa ni kukupitisha pembeni mwa shimo, chini ya tawi, kati ya watu. Na kazi yake kubwa zaidi ni kukataa. Ukimwamuru avuke na gari linakuja, anasimama, hata ukimvuta. Mbwa mwoga hawezi kazi hiyo, atakimbia. Mbwa mtiifu kupita kiasi hawezi pia, atakuua. Unahitaji mbwa anayekupenda na bado ana msimamo wake. Umeona sasa kwa nini yale madaftari ya Mont Pèlerin yalikuwa muhimu?

Morris na Buddy walishuka New York mwezi Juni 1928. Waandishi wa habari walikuwa wakingoja, na hawakuamini. Wakamtaka avuke West Street, barabara pana ya bandarini yenye malori, teksi na mikokoteni ya farasi. Morris hakuijua barabara ile wala hatari yake. Katikati alipoteza kabisa hisia ya alipo, akabaki na mpini tu mkononi. Buddy akasonga, akasimama, akarudi nyuma, akasonga tena, wakatokea ng'ambo. Kijana akamtumia Dorothy simu ya upepo yenye neno moja tu, la kumwarifu kwamba wamefaulu.

Tarehe 29 Januari 1929 shule ikasajiliwa Nashville kwa jina la ile makala: The Seeing Eye, jicho linaloona. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi wawili. Wawili! Lakini mwaka 1931 walihama kwenda Whippany, New Jersey, na moja ya sababu ilikuwa hali ya hewa: kusini hakukufaa kwa mafunzo kama kaskazini.

Jambo hilo litufikirishe sisi wa pwani. Kama Nashville iliwashinda, lami ya Liwatoni saa saba mchana ingekuwaje kwenye nyayo za mbwa mwenye manyoya mazito? Ongeza kupe, ongeza mbwa wasio na mwenyewe wanaorandaranda karibu na majaa. Sisemi haiwezekani. Nasema anayedhani atanunua mbwa Ulaya, ampandishe ndege, amshushe Moi International na mambo yaishe, hajamwelewa Dorothy.

Kuna na jambo jingine, na tusijifanye halipo. Sisi wengi wa Mji wa Kale tunafuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi inayooshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Ndiyo maana mtoto akiguswa na mbwa mama anapiga kelele. Mimi si sheikh, sitoi fatwa. Lakini tangu zamani wanazuoni wametofautisha mbwa wa kufugwa bila haja na mbwa wa kazi, wa kuwinda, wa kuchunga mifugo, wa kulinda. Mwaka 2008 mjini Leicester, Uingereza, kijana Mwislamu asiyeona aliruhusiwa kwenda msikitini na mbwa wake kiongozi, mbwa akatengewa mahali pa kupumzika mlangoni wakati yeye anaswali. Tena Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Siku makanga wa matatu atakapomkataa abiria kwa sababu ya mbwa, hapo ndipo mjadala utakapoanza kwa kweli. Morris Frank mwenyewe alifukuzwa na Buddy hotelini na kwenye magari ya moshi, na ilichukua hadi mwaka 1935 kampuni zote za reli Marekani kukubali.

Turudi kwa Dorothy. Maombi yalimiminika, na angeweza kuzalisha mbwa wengi haraka. Kikwazo hakikuwa mbwa, walikuwa watu. Mkufunzi alihitaji miaka kuiva, na wengi waliacha njiani. Basi akafungua huko Uswisi shule ya kuwafundisha wakufunzi wenyewe, na hakukubali mbwa atolewe kwa mtu kabla mbwa, mtu na mkufunzi hawajawa tayari. Waingereza walipoomba msaada, aliwapelekea mkufunzi wake, William Debetaz. Mwaka 1931 huko Wallasey, karibu na Liverpool, Waingereza wanne wasioona wakapata mbwa wao wa kwanza, wote majike: Judy, Flash, Folly na Meta.

Utauliza, mbona leo ukitazama picha za mbwa hawa unaona zaidi wale wa manyoya ya dhahabu au weusi wenye masikio ya kulala? Hao ni retriva. Labrado asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, wa kuokota kamba na samaki majini. Goldeni alianza Scotland mwaka 1868, kwenye shamba la Lord Tweedmouth, mtu mwingine wa madaftari. Walizalishwa kuokota ndege waliopigwa risasi na kuwaleta bila kuwatoboa kwa meno, kwa hiyo wana mdomo laini na hamu ya kubeba kitu wakuletee. Sasa mfikirie mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu ambaye funguo zimemwanguka. Tangu miaka ya 1970 mbwa hao wanafundishwa kuokota vitu, kufungua milango kwa kuvuta kamba na kuwasha taa.

Lakini utaratibu wa kuwazalisha ni ule ule wa mlimani. Mfugaji mwaminifu hawapandishi mbwa kabla hawajakomaa na kupigwa eksirei ya nyonga, kwa sababu nyonga mbovu hurithiwa na mbwa kilema hawezi kumwongoza mtu. Anapima macho pia, maana upofu wa ukoo upo hata kwa mbwa. Jike hazalishwi kila anapopata joto. Mimba ni siku 63 hivi, na watoto hukaa na mama yao wiki saba au nane, si tano. Kisha huenda kwa familia ya kujitolea inayowazoesha ngazi, makelele, sokoni, watoto. Baada ya mwaka au zaidi kidogo ndipo mafunzo huanza, na wengi hawafaulu. Hao hawatupwi, hupewa kazi nyingine au nyumba nzuri. Na kufeli kwao kunaandikwa kwenye daftari la wazazi wao.

Tangu mwaka 1934 The Seeing Eye inamtoza mwanafunzi dola 150 kwa mbwa wa kwanza, na bei hiyo haijapanda mpaka leo, ingawa gharama halisi ni mara nyingi zaidi. Walitaka atoe kitu, kidogo tu, ili mbwa awe wake na asiwe sadaka.

Dorothy aliongoza shule hiyo hadi mwaka 1940. Alifariki New York tarehe 8 Septemba 1946, akiwa na miaka 60. Utajiri aliouzaliwa nao sehemu kubwa ulikwenda kwa mbwa ambao hakuwauza na kwa watu ambao wengi wao hakuwahi kukutana nao. Mwaka 2011 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wanawake wa Marekani, miaka 65 baada ya kifo chake.

Buddy alikuwa ametangulia, mwaka 1938. Morris Frank aliishi hadi mwaka 1980. Alipata mbwa wengine baada ya yule wa kwanza, na kila mmoja wao alimwita Buddy.